Albamu ya jazi iliyotolewa upya inasikika vibaya: kosa liko wapi?

Malalamiko ni yaleyale, iwe Mtwara mjini, Masasi au Lindi. Mtu kapata albamu ya zamani iliyotolewa upya, kava limeandikwa kwamba sauti imerimastwa, yaani imesafishwa na kusawazishwa upya kutoka kwenye tepu za awali. Anaiweka, na kinachotoka hakifanani na alichokizoea. Lawama zinakwenda kwa waliorimasta. Wakati mwingine wanastahili. Wakati mwingine kosa limo kwenye plagi iliyoliwa na chumvi, au hakuna kosa kabisa: ndivyo bendi ilivyorekodiwa mwaka 1958.

Sauti hiyo imepita mikono mingi kabla ya kukufikia. Kuna chumba na maikrofoni, kuna tepu ya kwanza, kuna tepu au santuri iliyotumika kama chanzo cha toleo jipya, kuna fundi aliyerimasta, kuna santuri, sidii au faili ulilopata, halafu kuna vyombo vyako na hewa ya pwani. Kila hatua huacha alama yake, na alama hizo zinatambulika kwa sikio.

Kabla ya yote, majaribio matatu

Piga albamu nyingine unayoijua vizuri kwenye vyombo vilevile. Ikiwa nayo ni mbaya, acha kumtafuta mchawi Marekani. Kosa ni la kwako nyumbani.

Piga albamu ileile kwenye vyombo vingine, hata hedifoni za waya kwenye simu. Tatizo likifuata albamu, limo ndani ya rekodi.

Kama upande mmoja tu ndio mbovu, badilishana waya za kushoto na kulia pale zinapoingia kwenye amplifaya. Ubovu ukihamia spika ya pili, unatoka kwenye chanzo au waya yake. Ukibaki palepale, kagua amplifaya na spika.

Majaribio haya huokoa fedha kuliko ushauri wowote wa kununua sabufa mpya.

Dalili: sauti ni kubwa, iko mbele muda wote, na inachosha baada ya nyimbo mbili

Hili ndilo kosa kubwa la matoleo mapya, na si la kifaa chako. Kuanzia miaka ya 1990 makampuni ya muziki yalishindana kuuza sidii zenye sauti kubwa kuliko za jirani. Sauti ina dari lake, haiwezi kupandishwa bila mwisho, hivyo fundi hushusha vilele vya muziki kwa mashine, kisha huinua kilichobaki chote. Pigo la dramu linapoteza kishindo, mnong'ono wa piano unapandishwa hadi ulingane na tarumbeta, na albamu nzima inakaa kwenye kimo kimoja.

Kwa jazi hiyo ni hasara ya moja kwa moja. Muziki huu unaishi kwenye tofauti ya kimo: mpiga saksafoni anaanza chini, anapanda, anarudi nyuma kumpisha mpiga besi. Sidii yenye biti 16 inaweza kubeba tofauti ya takriban desibeli 96 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kati ya sauti ndogo kabisa na kubwa kabisa, nafasi kubwa kuliko santuri yoyote. Albamu iliyobanwa hutumia sehemu ndogo tu ya nafasi hiyo, na hiyo ndiyo inayoniuma kila ninapomsikia mtu akisema sidii ndiyo iliyoharibu jazi. Sidii haina hatia.

Kuhakikisha, fungua faili kwenye kompyuta kwa programu ya bure ya Audacity. Picha ya wimbi la sauti ya wimbo wenye afya ina mabonde na vilele. Ukiona ukanda mnene uliokatwa juu na chini kama kwa rula, umepata jibu. Kama huna kompyuta, chukua matoleo mawili ya wimbo mmoja, la zamani na jipya, kisha punguza sauti ya jipya mpaka yalingane kwa ukubwa. Usiruke hatua hiyo, kwa sababu sikio la binadamu huchukulia kilicho kikubwa zaidi kuwa kizuri zaidi. Yakishalingana, lililobanwa litasikika limelala.

Huduma za kusikiliza mtandaoni kama Spotify hushusha nyimbo kubwa ili zilingane na nyingine. Faida ya kelele inaondoka, ubapa unabaki. Wewe mwenyewe huwezi kuukunjua, wala ekwalaiza, vile vitufe vya kurekebisha besi na ukali, haisaidii. Dawa ni kutafuta toleo lingine. Kwa albamu za Blue Note, kampuni ya Marekani ya kurekodi jazi, mfululizo wa santuri wa Tone Poet ulioanza mwaka 2019, unaosimamiwa na Joe Harley na kurimastwa na Kevin Gray, umeacha muziki upumue. Nyingi za sidii za mwanzo za miaka ya 1980 nazo hazikubanwa, ingawa baadhi zilitengenezwa kutoka tepu za nakala ya pili au ya tatu na zina udhaifu wake mwingine.

Rudy Van Gelder, fundi aliyerekodi sehemu kubwa ya jazi ya Blue Note sebuleni kwa wazazi wake Hackensack, jimbo la New Jersey, kisha kuanzia 1959 kwenye studio yake ya Englewood Cliffs, alirimasta kazi zake mwenyewe kuanzia mwaka 1999. Ungedhani hapo ubishi ungekwisha. Wapo wanaozipenda, na wapo wanaosema alizisukuma mbele mno. Mimi niko upande wa pili: aliyerekodi ana haki ya kusema alichokikusudia, lakini tepu yake ya mwaka 1960 nayo inasema, na ina hewa zaidi.

Dalili: matoazi yamekufa, brashi hazisikiki, sauti kama imefunikwa

Hapa wagonjwa wanne wana homa moja, kwa hiyo nenda taratibu.

Mtuhumiwa wa kwanza ni usafishaji uliopita kiasi. Tepu ya zamani ina mvumo wake, ule mlio mwembamba wa "sss" unaosikika kabla bendi haijaanza. Mvumo huo unakaa juu, palepale panapokaa mng'ao wa matoazi, pumzi ya mpiga saksafoni na brashi zinazosugua ngozi ya dramu. Kompyuta ikiambiwa iondoe mvumo wote, huondoa na majirani zake. Ni sawa na kupara samaki mpaka ukafika kwenye nyama. Sikiliza mwisho wa wimbo, noti ya mwisho inapofifia. Katika kazi nzuri, noti inazama polepole ndani ya mvumo. Katika kazi iliyochubuliwa, noti na mvumo hukatika pamoja, au mvumo unapanda na kushuka kufuata muziki. Ukisikia hivyo, aliyefanya ni mwenye kurimasta. Mimi nachagua toleo lenye mvumo kila mara. Sikio huusahau baada ya dakika moja, lakini toazi lililofutwa halirudi.

Wa pili ni faili lililominywa. MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde kwa kawaida hukata kila kilicho juu ya kilohezi 16 hivi, na matoazi huanza kuzungukazunguka badala ya kulia. Wimbo uliotolewa YouTube, ukageuzwa MP3, ukatumwa kwa WhatsApp, kisha ukaingizwa kwenye flashi na kijana wa kibandani umeminywa mara kadhaa, na kila mara kitu kimeachwa njiani. Kuligeuza faili hilo kuwa kubwa hakurudishi kilichopotea. Tafuta sidii yenyewe au faili la FLAC, ambalo halipotezi kitu, halafu ulinganishe.

Wa tatu ni hedi ya deki ya kaseti, yaani kichwa kinachosoma utepe, iliyoinama. Kaseti zako zote za kununua zikisikika zimefunikwa, huenda hedi haikai wima sawasawa na utepe. Kuna skrubu ndogo pembeni ya hedi. Fundi wa redio anaigeuza kidogo kidogo kaseti ikicheza mpaka sauti za juu zifunguke. Kosa hilohilo linaweza kuwa lilitokea studio siku tepu ilipohamishiwa kwenye kompyuta, na hapo limechapwa ndani ya albamu milele.

Wa nne ni sindano iliyokwisha. Sikiliza nyimbo za karibu na katikati ya santuri. Zikikwaruza na kupasuka kwenye "s" za mwimbaji wakati za mwanzo ni safi, badilisha sindano leo, kwa sababu sindano butu inalima santuri yenyewe.

Dalili: tuni imepanda au imeshuka

Mfano unaojulikana zaidi duniani ni Kind of Blue, albamu ya mpiga tarumbeta Miles Davis ya mwaka 1959. Mashine kuu ya kurekodia ilizunguka taratibu kidogo siku ya kikao cha kwanza, hivyo tepu ilipopigwa kwa mwendo sahihi nyimbo tatu za upande wa kwanza zikatoka juu kidogo kuliko zilivyopigwa. Kwa zaidi ya miaka thelathini wanamuziki waliojaribu kupiga pamoja na santuri walilazimika kukaza nyuzi. Kulikuwa na mashine ya pili ya akiba iliyozunguka sawasawa, na toleo la mwaka 1992 likatumia tepu yake. Ukiwa na toleo la kabla ya hapo na jingine la baadaye, usishangae kuwa hayalingani.

Huku kwetu sababu ya karibu zaidi ni mashine za santuri za mtumba. Umeme wetu ni volti 230 na hezi 50. Mashine iliyotengenezwa kwa ajili ya Marekani inataka hezi 60, na Japani imegawanyika: mashariki hezi 50, magharibi 60, volti 100 kote. Motor za zamani nyingi hufuata hezi, si volti. Kwa hiyo mashine ya hezi 60 ikichomekwa hapa kupitia transfoma, inazunguka mizunguko 27.8 kwa dakika badala ya 33⅓, na muziki unashuka zaidi ya nusu-toni tatu. Mwimbaji wa kike anageuka mwanamume. Transfoma hubadilisha volti, haibadilishi hezi, na wauzaji wengi hawalisemi hili. Soma kibandiko nyuma ya mashine kabla ya kulipa. Kikisema 50/60 kwa pamoja, au ikiwa motor yake ni ya umeme mnyoofu (DC), uko salama. Vinginevyo fundi atahitaji kubadilisha puli.

Mwendo unaoyumba, tuni ikipanda na kushuka, ni mpira. Mkanda wa mpira ulioivishwa na joto unalegea. Ni kitu cha bei ndogo, na hufanya watu watupe deki nzima.

Kwa nyimbo zetu za dansi pima kwa makini zaidi. Bendi haikulazimika kufuata uma wa kupimia tuni. Gitaa moja likikaa kati ya noti ya A na A kali (A#), wote walifuata. Usiamue kwa gitaa lako peke yake. Sikiliza sauti ya mwimbaji na mwendo wa maracas, ulinganishe na toleo jingine.

Dalili: besi imekwenda wapi?

Sauti nyembamba, ndogo, yenye ukali tu, na inatoka kwenye mashine ya santuri: umeichomeka kwenye tundu lisilo lake. Santuri zote za kisasa huchongwa kwa kanuni ya RIAA, chama cha makampuni ya kurekodi ya Marekani, iliyokubaliwa mwaka 1954. Besi hupunguzwa ili mfereji usitanuke mno, sauti za juu huongezwa ili zishinde mkwaruzo, na priampu ya santuri, kikuza sauti kinachokaa kabla ya amplifaya, hugeuza yote wakati wa kusikiliza. Pale chini kabisa na juu kabisa tofauti hufika desibeli 20 hivi. Bila priampu hakuna ekwalaiza itakayookoa. Tafuta tundu lililoandikwa "phono" au nunua priampu ya pembeni.

Kama ni sidii au simu na besi imetoweka huku sauti ikionekana haina mahali pa kukaa, angalia waya za spika. Nyekundu na nyeusi zikigeuzwa kwenye spika moja, spika hizo zinafutiana besi. Geuza upande mmoja, usikilize tena.

Dalili: tarumbeta kushoto, dramu kulia, katikati pametupu

Mara nyingi hakuna kilichoharibika. Santuri za stereo ziliingia sokoni mwaka 1958, na Van Gelder wa wakati huo alisikiliza kazi yake kwa spika moja; stereo ilikuwa mzigo wa pembeni. Vyombo vikapangwa kona mbili. Kwa hedifoni inachosha. Nenda kwenye mipangilio ya ufikivu ya simu, washa sauti ya mono, yaani sauti ileile kwa masikio yote mawili, na bendi itarudi chumba kimoja. Kama toleo la mono linapatikana kwa albamu ya miaka ya 1950, lichukue bila kusita.

Kuwa mwangalifu na spika moja ya bluetooth au hedifoni yenye sikio moja zima. Solo nzima ya saksafoni inaweza kupotea, ukaamini kwamba toleo jipya limeikata.

Kuna na stereo ya bandia. Miaka ya 1960 rekodi za mono ziligawanywa kwa mashine, besi huku, ukali kule, mwangwi juu yake. Inasikika kama bendi iko ndani ya tangi. Dawa ni mono ya asili, si mono ya kuunganisha hiyo stereo.

Dalili: tak, tak, tak

Hesabu muda. Santuri ya mizunguko 45 humaliza mzunguko mmoja kwa sekunde 1.33, ya 33⅓ kwa sekunde 1.8. Kama faili au sidii yako ina "tak" inayorudi kwa mwendo huo, chanzo cha toleo hilo ni santuri iliyokwaruzika, si tepu. Kava linaweza kusema lolote.

Kwa muziki wa dansi hilo ni la kawaida na si aibu. Nchini mwetu hapakuwa na kiwanda cha kuchapa santuri. Nyimbo za Kilwa Jazz ya Ahmed Kipande, Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe au Cuban Marimba ya Salum Abdallah zilichapwa nje ya nchi, nyingi kwenye santuri ndogo za 45, na tepu za awali hazikubaki zote. Mwenye kutoa upya anatafuta nakala safi kuliko zote anazoweza kupata. Akiacha mikwaruzo michache na sauti ikabaki hai, amefanya kazi ya heshima.

Kama mikwaruzo inakuja ukigusa plagi au kuzungusha kitufe cha sauti, hiyo ni pwani. Upepo wa bahari pale Shangani ya Mtwara au Mikindani una chumvi, na chumvi hula shaba. Zima umeme, safisha plagi na matundu kwa spiriti ya kusafishia vifaa vya umeme, chomeka na chomoa mara kadhaa. Santuri za plastiki zisafishwe kwa maji yaliyochemshwa na kutoneshwa, yale ya betri yasiyo na asidi, na kitambaa laini. Lakini spiriti isiguse kamwe santuri za zamani za mizunguko 78: huyeyusha shellac, malighafi zilizotengenezwa nayo.

Dalili fupi mbili

Unasikia mzimu wa wimbo sekunde moja kabla haujaanza: tepu ilikaa imeviringishwa miaka mingi, na sumaku ya tabaka moja ikajichapa kwenye jirani yake, au kuta za mfereji wa santuri zimeathiriana. Ni rekodi, iache.

Muungurumo usiobadilika, hata muziki ukisimama: ni hezi 50 za umeme. Unganisha waya wa ethi wa mashine ya santuri kwenye amplifaya, kisha chomeka vyombo vyote kwenye soketi moja.

Dalili: tepu inalia, inanata au ina vumbi jeupe

Hapa acha kucheza mara moja. Kusini mvua zetu huja kwa msimu mmoja mrefu, takriban Desemba hadi Aprili, na kwa miezi hiyo kabati lililoegemea ukuta wa nje ni shamba la ukungu. Vumbi jeupe kwenye kingo za utepe ni ukungu. Ukiucheza unausambaza kwenye hedi, na kaseti inayofuata inaambukizwa. Iweke kaseti kwenye chombo kikavu chenye vifuko vya kunyonya unyevu, ngoja ukungu ukauke, ufute nje na si ndani ya nyumba.

Tepu kubwa inayopiga kelele na kuacha uchafu wa kahawia kwenye hedi ina ugonjwa mwingine. Gundi ya baadhi ya tepu za miaka ya 1970 na 1980 hunyonya unyevu na kuvunjika. Wataalamu huzipasha kwa joto la karibu nyuzi 54 kwa saa nyingi, kwa tanuri linalodhibitiwa, kisha huzinakili haraka kabla hazijarudia hali. Usijaribu kwa jua wala kwa jiko la kuokea mikate. Na tepu inayonuka siki haipashwi moto kabisa. Hiyo ni ya asetati na joto huimaliza.

Kama chanzo ni wewe

Katika nyumba za Kilwa, Lindi na Mikindani bado kuna santuri za 45 chini ya vitanda, na huenda nakala ya mzee wako ni safi kuliko iliyotumiwa kwenye toleo la kuuzwa. Ukimwomba, mweleze wazi: "Shikamoo mzee. Santuri hazitoki hapa nyumbani, tunazinakili mbele yako." Tumia sindano nzima. Nakili kwa biti 24 na kilohezi 96, faili la WAV lisilominywa, kilele kikae desibeli sita hivi chini ya dari. Nakili pande zote mbili, piga picha lebo pamoja na namba iliyochongwa karibu na tundu la katikati. Usiondoe mkwaruzo hata mmoja kwenye nakala hiyo ya kwanza. Kusafisha kufanywe kwenye nakala ya pili, na ile ghafi iwekwe kwenye diski mbili, nyumba mbili tofauti.